Mkono wa Kushoto

Wamemchonga vibaya, mjukuu wangu.
Sanamu ile ya uwanjani, mbele ya kanisa la Lipa,
imeshika kalamu kwa mkono wa kulia.
Nilimwambia fundi. Akacheka:
bibi, mashujaa wote huandika kwa kulia.

Basi kaa hapa, ningali na pumzi.

Eulalio alipelekwa Manila na miaka kumi na mmoja,
ndani ya zile kuta, kwa mapadri.
Baba aliuza magunia sita ya kahawa
tukamshonea koti jeusi, mikono mirefu kupita kiasi
ili akue nalo.
Siku ya kwanza Padri Baudilio alimfunga mkono wa kushoto
kwenye kiti, kwa ukanda wa kanzu kuukuu,
akasema: huu ni wa shetani.
Kwa hiyo Kilatini alikiandika kwa kulia,
na Kihispania kwa kulia, hati safi ya kuiga,
akapata medali nne na utepe.
Usiku, chini ya shuka, mkono ule mwingine
ukaandika Kitagalogi.

Hilo hamfundishwi.

Likizo alirudi na madaftari mawili.
La medali alimpa mama, likakaa chini ya picha ya Bikira.
La pili alinipa mimi, jikoni, nakuna nazi:
Ate Poten, nisomee kwa sauti,
nisikie linapochechemea.
Nikasoma. Nisiseme uongo, yalikuwa ya kitoto,
mwezi mwingi mno, machozi mengi mno;
mvulana wa miaka kumi na minne anajua nini kuhusu kifo?
Lakini palikuwa na moja, juu ya farasi.
Niliacha kukuna.

Halafu Madrid. Chumba cha darini, ghorofa ya tano,
majirani zake njiwa na mwanafunzi mmoja wa Kuba.
Tulimtumia peso, akazigeuza wino.
Januari aliuza koti la baridi
achapishe kijitabu, nakala arobaini,
akawa anakwenda darasani kusoma sheria
amejifunga magazeti kifuani.
Wanasema mcheza kwao hutunzwa.
Yeye alicheza ugenini, akatunzwa kikohozi.

Nakala moja ilitufikia ndani ya saa ya ukutani.
Haikuwa na mwezi hata mmoja.
Ilikuwa na bei: bei ya kahawa, ya ubatizo, ya maziko,
moja chini ya nyingine kama daftari la duka,
na jumla ikaachwa wazi
ili msomaji ajumlishe mwenyewe.
Lipa nzima ikajumlisha.
Ndipo askari wakaja.

Sasa hili sijamwambia mwandishi yeyote wa historia,
nao wamekuja wengi, wamekula biskuti zangu.
Mama alisikia farasi barabarani, akasema: choma.
Daftari la medali halikuwa na kosa. Likabaki.
Ndilo hilo lililowekwa chini ya kioo, mnalipangia foleni.
La jikoni nililichoma mimi, kwa mikono hii,
ukurasa kwa ukurasa, chini ya chungu cha wali,
nikiusoma kila mmoja kabla haujashika moto,
upesi, kama mtu anayegugumia maji
na msafara umeshaondoka.
Wali ukaiva. Askari wakala, wakashukuru.

Nimebakiwa na farasi.

Farasi wa bwana kodi
hahitaji kuongozwa,
ajua kila mlango
wenye kitu cha kutozwa.
Siku akipitiliza

Mstari unaofuata sinao.
Miaka hamsini naujaza kwa maneno yangu,
usiku, taa imezimwa,
na kila mara nausikia unachechemea.